Kivuli Kutoka Masaki

Mwanaamina binti Abdala alikuwa akikwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria lengelenge la kwanza lilipomtoka. Ilikuwa Januari, mwaka wa pili tangu Operesheni Vijiji ilipowaondoa mashambani kwao na kuwapanga kando ya barabara ya Morogoro, karibu na Mlandizi. Lengelenge lenyewe lilikuwa dogo, limekaa juu ya mkono, na maji yaliyokuwa ndani yake yalikuwa safi kama ya mtungini. Alidhani ni mvuke wa sufuria umemuunguza. Akapaka mafuta ya nazi, akaendelea kukwangua.

Kesho yake alikwenda shambani na wenzake, na adhuhuri ilipofika shingo yote ilikuwa imejaa malengelenge. Siku iliyofuata yakashuka mikononi na kumzunguka midomo. Akiwa ndani ya nyumba yalitulia. Akitoka nje yaliumuka upya, na yakipasuka yalimwacha na vidonda vilivyomzuia hata kuvaa kanga. Hapo ndipo yeye na mumewe, Hemedi, walipojua kwamba mgomvi wake ni jua. Na kwa mtu wa kijiji kile, kugombana na jua ilikuwa kujitafutia balaa.

Kijiji hakikuwa na mti hata mmoja. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Maneno, aliikata yote mwaka wa kwanza, ili wakubwa wanaopita barabarani waone jinsi nyumba zilivyonyooka. Ilikatwa miembe, ikakatwa mikwaju, na mnazi mmoja ukakatwa kwa kosa la kupinda. Waliolalamika waliambiwa kwamba mtu asiye na la kuficha hahitaji kichaka. Kwa hiyo nyumba zilikaa mistari mizuri kabisa, na watu wake walikaa juani.

Kazi za shamba la ujamaa nazo zilikuwa na utaratibu wake. Asubuhi mwenyekiti aligonga rimu ya lori iliyoning'inizwa mbele ya ofisi, watu wakakusanyika, naye akanyoosha kamba na kumpimia kila mmoja ngwe yake, yaani kipande chake cha kulima siku ile. Kila mtu alilima ngwe yake wenzake wakimwona, mpaka jua lipite utosi. Ngwe iliyokwisha ilihesabiwa. Wakati wa mavuno mwenye ngwe nyingi alipata mahindi mengi, mwenye chache alipata machache, na asiye na ngwe aliitwa kupe, mnyonyaji wa jasho la wenzake, na jina hilo alitangaziwa mkutanoni mbele ya watoto wake.

Sasa Mwanaamina kuitwa kupe lilikuwa jambo la kuchekesha, kama lingekuwa halimuumizi mtu. Alikuwa mlimaji hasa. Alimaliza ngwe yake kabla ya wanaume wengi, kisha akarudi nyuma kuwasaidia wajawazito na wazee. Mahindi aliyahitaji, maana mwaka uliopita mvua ziliwapiga chenga na watu walishindia mihogo. Lakini lililomkosesha raha zaidi ni Tatu, binti yake wa pekee, aliyekuwa na umri wa kuelewa kila kitu. Hakutaka Tatu asimame uwanjani amsikie mama yake akiitwa mdudu.

Akaanza kwenda shambani alfajiri, kabla rimu haijagongwa. Alijipimia ngwe kwa hatua, akalima, na jua lilipochungulia yeye alikwisha kurudi ndani. Siku ya kwanza mwenyekiti alikuja mpaka mlangoni.

"Ngwe ile pale nimeilima mimi, Ndugu Mwenyekiti," Mwanaamina alisema, amesimama nyuma ya ubao wa mlango.

"Nimeiona. Imelimwa vizuri."

"Basi ihesabiwe."

"Haiwezekani. Umelima peke yako. Kazi ya peke yako ni ubinafsi, dada yangu, na ubinafsi ndio tunaoupiga vita."

Ngwe ile akapewa Matano, jirani yao, aliyekuwa amechelewa siku hiyo. Matano alisimama kando yake ameegemea jembe mpaka adhuhuri, ikahesabiwa kuwa yake. Mtu huyu ana aibu zake, jioni akawaletea boga. Hemedi naye aliomba alime ngwe mbili, moja yake na moja ya mkewe, akajibiwa kwamba wanawake wamekwisha kukombolewa na hivyo walime wenyewe.

Kilichobaki kilikuwa hospitali. Hemedi alimpeleka Kibaha, Mwanaamina amejifunika kanga tatu na gunia juu yake. Daktari alikuwa mwanamke wa Bukoba, jina lake Stellamaris, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimtazama shingo, akamtazama mikono, akaenda kuleta kitabu, akarudi na uso umechangamka.

"Mama, huu unaitwa lupus. Na huu wako wa malengelenge ni wa nadra hata kwa wenye lupus. Mimi nilikuwa nausoma tu. Nimefurahi sana." Akaufunga kitabu. "Samahani. Sikufurahi."

"Si kitu, daktari. Unafanyaje huo ugonjwa?"

"Mwili una askari wake. Kazi yao kupigana na maradhi. Wako wamekosea adui, wanakupiga wewe mwenyewe. Jua likikuchoma ndiyo wanaamka."

"Wakikosea hivyo, huwa wanaambiwa na nani?"

"Hilo bado linatafutwa," daktari alisema.

Alimwandikia vidonge. Alimweleza wazi kwamba ni vile vile wanavyopewa wagonjwa wa ukoma, kwamba yeye hana ukoma, na kwamba vidonge vina tabia ya kuyanyamazisha malengelenge. Chini yake akaandika neno jingine: kivuli, kutwa. Mwanaamina akamwambia kwao hakuna. Daktari akauliza kama ni kijiji kizima, akajibiwa ndiyo, miti yote ilikatwa. Hata hivyo hakulifuta. Kwenye dirisha la dawa mgawaji alisoma karatasi yote kwa utulivu, akahesabu vidonge, akasema kivuli wao hawagawi.

Waliporudi, habari ya vidonge ilikwisha kufika kabla yao. Watu wakaanza kupita mbali na mlango wao. Matano ndiye aliyeikata ile minong'ono, kwa sababu yeye aliwahi kuugua ukoma kweli akapona, na vidole viwili vilivyopinda vilikuwa ushahidi wake. Alikwenda kwa Mwanaamina mchana kweupe, akanywa maji kwa kata yake, akatoka nje akawaambia waliokuwa wakichungulia kwamba vidonge vile anavijua, na huyu mama hana ugonjwa ule. "Angekuwa nao ningemkaribisha chamani kwetu," alisema. Watu wakarudi kupita karibu.

Vidonge vilisaidia, lakini Mwanaamina alibaki mfungwa wa chumba, na ngwe za wenzake zilikuwa zikiongezeka. Ndipo alipompa salamu Didas, muuza mkaa wa baiskeli aliyekuwa akienda Kisarawe kila wiki. Alimwomba afike Masaki, kijiji cha huko huko, kwa mama yake, Bi Mwanamvua, amwambie tu kwamba mwanao anaungua na jua na huku hakuna pa kujificha. Hakuomba kitu. Mtu mzima naye humwambia mama yake hata lisilo na dawa.

Bi Mwanamvua mwenyewe alikuwa amehamishwa. Alikuwa na shamba la mikorosho lililopandwa na baba yake, akaondolewa akapewa nyumba katika mstari, mbali, na akakatazwa kurudi. Korosho zilianguka, hakuna wa kuziokota, zikaota zenyewe ovyo. Alipopata salamu za mwanawe hakungoja kesho. Alijifunga kanga, akatembea mpaka shambani kwake kinyume cha amri, akasimama chini ya mkorosho mkubwa kuliko yote, akauelezea habari yote tangu lengelenge la kwanza. Mti hauhami. Lakini kivuli chake kilikuwa kimekaa bure karibu miaka miwili, hakina mtu wa kumfunika, nacho kilikubali. Kiliondoka Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini.

Didas alikifuata nyuma kwa baiskeli na magunia yake ya mkaa, na husema hajawahi kusafiri kwa raha kama safari ile. Kilipita Kisarawe mjini bila kusimama. Kituoni Kwa Mathias kilisubiri basi lipite, kisha wauza machungwa wakasogeza vikapu vyao ndani yake, na kwa heshima kikakaa kidogo nao kabla ya kuendelea. Mwanamke mmoja alikiuliza kinakwenda wapi. Didas akajibu kwa niaba yake kwamba kinakwenda kwa mgonjwa, wakakiaga kwa kukitakia safari njema.

Mwanaamina alikuwa akichambua mchele mlangoni kwa ndani aliposikia baiskeli. Nje, mahali palipokuwa pakiwaka jua tangu asubuhi, palikuwa pamekaa kivuli kipana, cha duara, kinacheza kidogo kwa upepo. Alikitambua kwa pengo lililokuwa upande mmoja, pale tawi lilipovunjika zamani naye akiwa juu yake, akateguka mguu. Akaweka ungo chini, akatoka, akasimama katikati. Ngozi yake ikapoa kuanzia utosini. Palikuwa na harufu ya mabibo yaliyoiva. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mama hajambo?" alimuuliza Didas.

"Hajambo. Anasema asubuhi kinakuwa kirefu, usikishangae."

Asubuhi rimu ilipogongwa, Mwanaamina alikuwa wa kwanza kufika shambani. Kivuli kilikwenda naye, kikikaa pale alipo, na ukubwa wake ulifunika ngwe kadhaa kulia na kushoto. Watu walisalimiana kama kawaida. Tofauti ilikuwa kwamba wote walitaka kupimiwa upande ule, na kulikuwa na kusukumana kidogo. Mwenyekiti alikizunguka kivuli, akatazama juu, akaona mbingu tupu.

"Hiki kimeingia kijijini kwa idhini ya nani?"

"Kimetoka kwa mama," alisema Mwanaamina, na jembe lake lilikwisha kuzama ardhini.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kuacha jambo. Aliagiza wanaume watatu wenye mashoka wakikate. Walilitafuta shina lake kwa uaminifu, wakapita kila upande, hawakuliona. Wakakaa ndani yake kutafakari. Upepo ulikuwa mzuri, wawili wakasinzia. Yule wa tatu akaenda ofisini kutoa taarifa kwamba kukatika hakikatiki. Kufikia jioni mwenyekiti alikuwa na uamuzi mwingine: kivuli ni mali ya kijiji, na kitatumika kwa zamu, kila nyumba kumi na siku yao.

Tatizo la zamu lilionekana kesho yake tu. Kivuli hakikwenda popote bila Mwanaamina. Akikaa, kinakaa. Kwa hiyo ikambidi Mwanaamina alime na kila kundi siku ya zamu yake, na kwa kuwa makundi yalikuwa mengi na siku ya kupumzika ilikuwa ya kila kundi lakini si yake, alilima kuliko mtu yeyote kijijini. Alilima kwa furaha. Alikuwa ameukosa mchanga ule miguuni kwa muda mrefu, na sauti za wanawake wakitaniana, na jasho la haki. Malengelenge yalikauka moja baada ya jingine. Yaliacha mabaka meupe shingoni na mikononi, na mengine mawili pembeni ya midomo, ambayo Tatu alipenda kuyagusa kila usiku kabla ya kulala.

Ngwe zake hazikuhesabiwa. Mwenyekiti alimfafanulia, tena bila hasira, kwamba ngwe iliyolimwa kivulini imelimwa na kivuli, na kivuli ni cha kijiji, hivyo ngwe hizo ni za kijiji.

"Na za wenzangu tuliolima nao humo humo?"

"Hao walikuja na jua lao," alisema mwenyekiti.

Masika yaliposhuka yalikuta shamba limelimwa lote mpaka kwenye reli, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mahindi yalisimama marefu kupita watu. Habari zikafika juu, za shamba na za mkulima aliyelima kuliko wote, na ikaamuliwa kwamba sherehe za Saba Saba za eneo lile zifanyike pale kijijini, mgeni rasmi aje kutoa zawadi. Mwenyekiti alimpitia Mwanaamina siku mbili kabla, akamwomba kwa upole abaki nyumbani siku hiyo. Mabaka yale, alisema, mgeni anaweza kuyaelewa vibaya. Hemedi alitaka kujibu, mkewe akamshika mkono.

Siku yenyewe uwanja ulipambwa kwa makuti na bendera, ngoma zikapigwa, na wageni wakaketishwa kwenye viti mbele ya watu wote. Hapakuwa na turubai. Wakati hotuba ya mwenyekiti ilipofika katikati, mgeni rasmi alikuwa amelowa mpaka kola, na mzee mmoja wa msafara alikuwa amelala au amezimia, haikujulikana. Mwenyekiti akamnong'oneza Matano. Matano akaenda kwa Mwanaamina.

"Nimetumwa kivuli," alisema.

"Hicho hapo. Kichukue."

Matano alikitazama, akajaribu kutembea mbele yake kama mtu anayeongoza mbuzi, akafika uwanjani peke yake. Akatoa taarifa. Mwenyekiti akatazama viti vya mbele, akatazama jua, akasema basi aje naye.

Mwanaamina hakuharakisha. Alioga, akavaa doti mpya ya kanga, na ile ya juu akaifunga kiunoni badala ya kujifunika, shingo na mikono vikabaki wazi. Akamshika Tatu mkono. Walipoingia uwanjani kivuli kiliingia nao, kikawapita watoto, wapiga ngoma, kinamama, mpaka kikawafunika wageni wote, na yule mzee akafumbua macho. Kiti kikaletwa cha kukaa karibu na mgeni rasmi. Tatu alisimama kando ya mama yake.

"Ahsante sana kwa kivuli," mgeni alisema, akijifuta uso. "Nawe ni nani, ndugu?"

"Mwanaamina binti Abdala. Mkulima."

"Shingo imekuwaje?"

"Nina maradhi ya kugombana na jua, Ndugu Mgeni. Huku miti ilikatwa."

"Ilikatwa kwa nini?"

"Ili mtuone."

Mgeni aligeuka akatazama barabara, kisha nyumba zilivyonyooka, kisha mikono yake mwenyewe. Alionekana kutaka kusema kitu. Lakini ratiba ilikuwa imefika mahali pa kupiga makofi, akapiga. Kisha akamgeukia mwenyekiti na kumuuliza, kwa kipaza sauti kilichokuwa wazi, kama huyu ndiye mkulima bora waliyeambiwa habari zake. Uwanja mzima ukamtazama mwenyekiti.

"Ndiye," alisema Ndugu Maneno. "Ndiye mkulima wetu wa mfano."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika Mlandizi. Wanawake waliinuka na majembe yao juu, wapiga ngoma wakaanza bila kuamriwa, Hemedi akacheza, yeye ambaye hata harusini kwake hakucheza. Mwanaamina hakusikia sana. Alikuwa akimtazama Tatu, ambaye alikuwa amesimama wima, kidevu juu, akisikiliza.

Zawadi, ambayo ilikuwa redio, alikabidhiwa mwenyekiti kwa niaba ya kijiji, akaiweka nyumbani kwake.

Mgao wa mahindi ulifanyika Agosti, uwanjani hapo hapo. Watu walikuja na vikapu na magunia wakakaa kivulini, pamoja na Mwanaamina. Jua lilikuwa limerudia ukali wake. Mwenyekiti alisimama mezani, nje kidogo ya kivuli kwa kuwa meza haikutosha kuingia, akamtaja kila mtu na ngwe zake, kila mtu akapimiwa chake. Mwishoni akatoa kitambaa akajifuta.

"Asiye na ngwe hata moja," alisema, "ni Mwanaamina binti Abdala. Kwa hiyo hana mgao. Na kwa taratibu zetu, asiye na ngwe ni kupe."

Alilisema neno lile kama alivyolisema siku zote, hakulipunguza. Mwanaamina akainuka. Alikung'uta kanga, akamwambia Tatu twende, akaanza kutembea kwenda kwake. Kivuli kikainuka naye.

Waliokuwa wamekaa ndani yake wakaona jua linawafikia magotini. Matano akawa wa kwanza kujitwika gunia. Kisha wakainuka wale wajawazito aliokuwa akiwasaidia, sasa na watoto wao migongoni, kisha nyumba kumi za kwanza, kisha zilizobaki. Didas, ambaye hakuwa hata mkazi, aliomba apishwe na baiskeli yake. Mkutano mzima ukahama na magunia yake, ukatua mbele ya mlango wa Mwanaamina. Pale kila mtu akachota katika fungu lake akamimina kwenye mkeka wake, na mahindi yakapanda mpaka Tatu akalazimika kuleta mkeka mwingine.

"Hii ngwe uliyonimalizia Februari," alisema mwanamke mmoja, akimimina.

"Na hii ile ya alfajiri," alisema Matano. "Boga halikutosha."

Mwanaamina alicheka, akalia, akacheka tena, na aliwashukuru mmoja mmoja kwa majina yao.

Kule uwanjani mwenyekiti aliendelea na mkutano. Alikuwa na ajenda tatu zaidi, akazisoma zote, akauliza kama kuna swali, akafunga. Kisha akaja polepole, kofia mkononi, kichwa kikifuka moshi kwa joto, akasimama ukingoni mwa kivuli ambapo ncha za viatu vyake zilikuwa bado juani.

"Hodi," alisema.

"Karibu, Ndugu Mwenyekiti," Mwanaamina alisema, akasogea kumpisha kwenye jamvi. Tatu alimpa maji. Alikunywa yote, akashukuru, akasema uamuzi wa mkutano uko pale pale. Mwanaamina akamwambia anajua.

Na ulibaki pale pale. Msimu uliofuata ngwe zake hazikuhesabiwa, wala uliofuata huo. Miti haikupandwa, na Bi Mwanamvua hakuruhusiwa kurudi kwenye mikorosho yake. Kila Agosti jina la Mwanaamina lilitajwa uwanjani kuwa la asiye na ngwe, na kabla neno la mwisho halijamtoka mwenyekiti mdomoni, watu walikuwa wamekwisha kujitwika magunia yao na wako njiani kwenda kwake.